KAIZA WILHELM ALIKUWA MPWA WA NANI?

Hapa Bariadi mtu akikosa fedha husema, "Sina hela." Neno hilo tuliachiwa na Wadachi. Tangu mwaka 1904 fedha yao ndogo iliitwa Heller, na Heller 100 zilifanya rupia moja. Juu ya rupia palikuwa na sura ya mtu mwenye masharubu na kofia yenye tai. Huyo ndiye Kaiza Wilhelm wa Pili. Mwaka 1921 zikaja shilingi za Mwingereza, zenye sura ya Mfalme George wa Tano. Je, wajua kwamba watu hao wawili walikuwa ndugu?

Upande wa baba

Ukoo wa Kaiza huitwa Hohenzollern, jina la ngome yao ya kale iliyo juu ya mlima kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1415 walipewa nchi ya Brandenburg, penye mji wa Berlin. Mwaka 1701 wakawa wafalme huko Prussia. Mwaka 1871 Wilhelm wa Kwanza akafanywa Kaiza wa Ujerumani yote. Alifariki Machi 1888. Mwanawe Friedrich alikuwa na ugonjwa wa koo, akatawala siku 99 tu. Ndipo Wilhelm wa Pili, kijana wa miaka 29, akakalia kiti.

Upande wa mama

Mama wa Kaiza aliitwa Victoria, naye alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyekuwa Mfalme Edward wa Saba. Basi Edward alikuwa mjomba wa Kaiza, na George, mwana wa Edward, alikuwa mtoto wa mjomba wake.

Tena, Malkia Victoria aliolewa na Mjerumani, Albert wa Saxe-Coburg na Gotha. Kwa hiyo nyumba ya kifalme ya Uingereza ilikuwa na jina la Kijerumani. Julai 1917, katikati ya vita, George akalibadili, ikaitwa Windsor.

Kama wangekuwa Wasukuma

Watemi walikuwako Ntuzu, Itilima na Kanadi, nchi ambazo leo ni za Mkoa wa Simiyu. Zamani, katika sehemu kubwa ya Usukuma, mtemi alipofariki hakurithiwa na mwanawe. Wazee walioitwa banang'oma walitafuta mrithi miongoni mwa wana wa dada zake. Maana baba wa mtoto husadikiwa, bali mama huonekana. Baadaye desturi ilibadilika mahali kadhaa. Huko Busiha, Shinyanga, Kidaha alimrithi baba yake Makwaia mwaka 1945.

Haya, tufanye hesabu. Edward alifariki Mei 1910, na kwa desturi ya Ulaya kiti kikaenda kwa mwanawe George. Lakini kama angekuwa mtemi wa Kisukuma, wazee wangewaita wana wa dada zake. Na mkubwa wao wote alikuwa nani? Kaiza Wilhelm!

Undugu haukuzuia vita

Mwaka 1914 nchi za ndugu hao zilipigana, na moto ukafika hadi kwetu. Julai 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Mwanza. Vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa na pande zote mbili kubeba mizigo ya vita. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Wengi hawana kaburi linalojulikana, wala majina yao hayamo katika kitabu cho chote.

Kaiza alipoteza kiti Novemba 1918, akakimbilia Uholanzi. Aliishi Doorn hadi alipofariki mwaka 1941. Watemi wetu nao waliondolewa madarakani na sheria mwaka 1963.

Msomaji, nasaba ya Kaiza twaijua kwa kuwa iliandikwa. Je, yako? Pengine babu wa babu yako alikuwa miongoni mwa wale wapagazi. Chukua daftari, uketi na bibi au babu yako jioni ya leo. Andika majina ya upande wa baba na upande wa mama, na mahali walipozaliwa. Usingoje mavuno yaishe, maana wazee hawatungoji.