Kucha za Oda: Chukua Nusu Kwanza

Mteja wa Nyamira akiagiza kwako kucha za kubandika za harusi nawe uko Kisii mjini, kila kitu mtamalizana kwa simu. Mwambie abandike selotepu juu ya kila ukucha, aweke alama ya kalamu pande zote mbili, kisha apime kwa rula, kwa milimita. Vidole vyote kumi, tafadhali. Gumba la kulia mara nyingi halilingani na la kushoto.

Sasa pesa. Seti iliyopimwa vidole vyake ni ngumu kumuuzia mwingine, kwa hivyo omba nusu kabla hujafungua hata chupa ya jeli. Akisita, afadhali oda ipotee sasa kuliko baada ya usiku mzima wa kuchora maua. Ukipokea kwa Pochi la Biashara (piga *334# ujisajili), mteja hawezi kujirudishia malipo bila wewe kukubali, na hela za kazi hazichanganyiki na za sukari.

Nusu iliyobaki ilipwe kabla kifurushi hakijapanda matatu. Akikutumia skrinshoti ya meseji, usiharakishe kushukuru: angalia salio lako mwenyewe. Meseji ya kweli huingia kwa jina MPESA, si kwa namba ya mtu.