Waya Kuingia Tunduni Si Picha Kupita

Mwenye duka la kuchapa nyaraka pale Makuyuni, ambaye akikosa kifaa humlazimu kupanda gari hadi Korogwe mjini au Tanga, anastahiki kujua, kabla ya kutoa nauli, kwamba waya kukaa barabara tunduni si dalili kuwa picha itafika kwenye skrini.

Tundu la VGA, lenye pini 15 katika safu tatu na aghalabu rangi ya samawati, lililoletwa na IBM mwaka 1987, hupeleka picha kwa analojia, yaani umeme unaopanda na kushuka mfululizo, wala halichukui sauti. Ilhali HDMI, iliyotangazwa mwaka 2002, hupeleka picha na sauti pamoja kwa dijitali. Watanzania tuliionja tofauti hii tangu tarehe 31 Disemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam: seti kuukuu hazikutupwa, bali zilifungiwa king'amuzi, kikapokea dijitali na kuigeuza iwe kitu zilichoweza kukionyesha. Kadhalika, kati ya kompyuta yenye HDMI na skrini ya VGA sharti kiwepo kigeuzi chenye saketi ndani yake, na waya mtupu wenye vichwa viwili hautoshi hata ukiuzwa kwa bei ghali.

Hapa ndipo wengi hupata hasara, kwa kuwa kigeuzi kina mwelekeo: kilichotengenezwa kutoa HDMI kwenda VGA hakirudi kinyume. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zina DisplayPort, tundu la mwaka 2006 lililokatwa pembe moja, wala hazina HDMI. Hizo kwa kawaida hufika kwenye televisheni ya HDMI kwa adapta ya bei nafuu, lakini kompyuta ya HDMI ikitaka skrini yenye DisplayPort pekee, huhitaji kigeuzi kingine, cha bei zaidi na aghalabu chenye kutaka umeme wake. Muuzaji mwaminifu, kwa rai yangu, hana budi kumwuliza mnunuzi picha inatoka wapi na inakwenda wapi, kabla hajapokea fedha.

Ama tundu dogo la USB-C, la mwaka 2014, lataka hadhari kubwa kupita yote, maana umbo ni moja na kazi ni mbalimbali: mojawapo huchaji na kupitisha mafaili tu, jingine hutoa na picha. Kama pembeni pake pana alama ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt, picha itatoka. Kama hapana alama, na isomwe karatasi ya sifa za kompyuta ile kwanza, ndipo waya ununuliwe.