Bunduki Zilizolala Kisimani

Mji wa Valladolid umo katika jimbo la Yucatán, nchini Meksiko. Tulitembezwa huko kutwa nzima na kiongozi wa Kimaya. Alianzia uwanja wa kati, akatueleza kuwa hapo palikuwa na mji wa Wamaya ulioitwa Zací. Mwaka 1545 Wahispania walijenga mji wao papo hapo, na mawe ya majengo ya Wamaya wakainulia kuta zao.

Adhuhuri tuliingia nyumba ya watawa ya San Bernardino, iliyoanza kujengwa mwaka 1552. Kuta zake ni nene mithili ya ngome. Humo mna kisima cha maumbile, pango la mawe ya chokaa lenye maji baridi. Wapiga mbizi waliopoa humo bunduki na mzinga, mabaki ya vita vya karne ya 19.

Vita hivyo vilizuka mwaka 1847. Wamaya walilemewa na kodi, na ardhi yao ilinyakuliwa kwa mashamba ya miwa. Mwezi Julai kiongozi wao, Manuel Antonio Ay, alihukumiwa kifo na kuuawa mjini humu. Nchi haikutulia, bali iliwaka. Machi 1848 Wamaya waliuteka mji, na jeshi liliyatwaa makao yao makuu, Chan Santa Cruz, mwaka 1901.

Jioni tuliwakuta akina mama wakiuza nguo za tarizi, wakisemezana Kimaya.

Ndugu walinzi wa amani, kuta nene na mizinga havikuulinda mji uliowadhulumu wenyeji wake. Ngome ya kwanza ni haki.