Nguo Ndiyo Iufuate Mwili

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na gari la kuwachukua jamaa kwenda harusini lilikuwa limekwisha kupiga honi mara mbili. Chumbani, mama mmoja ninayemfahamu alikuwa amesimama mbele ya kioo, na mawifi zake wawili walikuwa wakihangaika nyuma yake na zipu iliyofika katikati ya mgongo ikagoma. Walimwambia avute pumzi; akavuta. Walimwambia ainue mikono. Akainua, na mshono wa kwapani ukaachia. Mwishowe alilivua lile gauni la sare, akajifunga kanga, akawaambia wenziwe watangulie kwa kuwa kichwa kilikuwa kikimwuma. Bibi harusi alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye yeye mwenyewe alimlea. Katika picha zote za siku ile, dada mtu hayumo.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanamke mwenye mwili, huenda kisa hiki si kigeni kwako. Na kama si wewe, basi ni mama yako, shangazi yako, au mwenzako mnayekaa naye meza moja kazini. Aghalabu jambo kama hili linapotokea, lawama hutupiwa mwili. Mwenyewe husema, "Nimenenepa mno." Wengine huguna na kutumia yale majina tunayoyajua sote: kibonge, tipwatipwa. Ni nadra mtu kuligeukia gauni lenyewe akaliuliza maswali. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo, kwa sababu gauni la mama yule ndilo lililokuwa na makosa: kitambaa chake kilikuwa pungufu, vipimo vyake havikuwa vya kweli, na mishono yake haikuachiwa nafasi.

Katika nchi yetu mazungumzo ya mavazi ya wanawake ni ya siku nyingi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, vimini, suruali za kubana na mawigi vilipigwa vita, na amri hiyo ikaanza kutumika Januari 1969. Tangu wakati huo tumesema mengi juu ya kile ambacho mwanamke asivae. Namna ya kumshonea gauni linalomkaa vizuri hatujaisema vya kutosha, hasa kwa mwanamke mnene.

Habari za uzito na afya zina mahali pake, napo ni kwa daktari au kwenye zahanati. Lakini harusi ya Jumamosi haiwezi kungoja mwili upungue. Unahitaji nguo ya mwili ulio nao leo.

KITAMBAA KIANZE KUTOSHA

Tuanze na hesabu, kwani hapo ndipo magauni mengi huharibikia kabla mkasi haujagusa kitambaa. Vitenge vingi vina upana wa karibu inchi 45. Mwanamke mwenye nyonga za inchi 40 aweza kuzungukwa na upana mmoja wa kitenge, tena kikabaki kidogo. Mwenye nyonga za inchi 50 hawezi. Nguo yake huhitaji inchi 50 za mwili, pamoja na inchi 2 hadi 4 za nafasi ya kupumua na kukaa. Kwa hiyo fundi hana budi kukata urefu mara mbili, mbele peke yake na nyuma peke yake.

Sasa tazama. Gauni la kufika kwenye vifundo vya miguu laweza kuchukua inchi 55 kutoka begani. Mara mbili ni inchi 110. Ongeza pindo la chini, mikono na kola, nawe unakaribia inchi 140, ambazo ni karibu yadi 4, kwa kuwa yadi moja ni inchi 36. Kama kitambaa kina maua makubwa yanayotakiwa kukutana kwenye mshono, ongeza tena nusu yadi.

Katika sare za harusi, hata hivyo, desturi ni kumgawia kila mtu kipande kilicho sawa na cha mwenzake, mara nyingi yadi 3. Mwembamba hubakiwa na kitambaa cha kilemba. Mnene huona haya kuomba nyongeza, naye fundi hulazimika kubana huku na huku mpaka gauni limekuwa kama ganda la muwa. Ukitajiwa sare, mwulize fundi wako kwanza, kisha wasemee wanakamati mapema yadi unazohitaji, ukilipie kilichozidi. Siku ya kugawa vitambaa hilo ni ombi la dakika moja. Wiki ya harusi huenda kitambaa hicho kimekwisha dukani.

Kuhusu aina ya kitambaa, kumbuka joto letu. Pamba hunyonya jasho. Polista huliacha mwilini. Kitambaa chepesi mno hushika kila mkunjo wa mwili, na kile kigumu mno hujenga mwili mwingine juu ya ule ulio nao. Kilicho bora ni kile chenye uzito wa wastani, kinachoanguka chenyewe ukikishika kwa pembe moja. Kama ni lesi au shifoni, tia bitana laini ya kufika chini ya magoti.

MBELE YA FUNDI

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msemo huu ufae pia mbele ya futi ya fundi cherehani. Wapo akina mama wanaovuta tumbo ndani wanapopimwa, wapo wanaomtajia fundi vipimo vya mwaka juzi, na wapo wanaosema, "Fundi, nibanie kidogo, nitapungua." Fundi hushona kile alichoambiwa. Gauni humshonea mwanamke ambaye hayupo, na anayekuja kulichukua ni mwingine.

Nenda kupimwa umevaa sidiria ile ile utakayoivaa na gauni, kwani kifua hubadili mahali pake kwa sidiria. Simama wima, pumua kama kawaida. Apime kifua mahali kilipojaa zaidi, chini ya kifua, kiuno, tumbo mahali lilipojitokeza, nyonga, na unene wa mkono wa juu. Vipimo viwili vya mwisho husahauliwa mno, navyo ndivyo vinavyopasua nguo. Kisha mwombe akupime nyonga ukiwa umekaa, kwa sababu mwili hutanuka mtu anapokaa. Kama ni aibu kupimwa na fundi mwanamume, mfanyie kazi hiyo nyumbani shoga yako au dada yako, uandike hesabu kwenye karatasi. La muhimu ni hesabu iwe ya kweli.

Jambo lingine ni kumwomba fundi akuachie nafasi katika mishono ya ubavuni. Inchi moja ikiachwa katika kila ukingo wa mishono hiyo miwili, gauni laweza kufumuliwa baadaye na kupanuka kwa inchi 2, bila kununua hata kipande cha kitambaa. Kwa mfanyakazi anayehesabu mshahara wake, hiyo ni akiba.

MSHONO UPI?

Wengi wanaamini kwamba mwanamke mnene hana nguo isipokuwa dera. Dera ni vazi la raha nyumbani, wala hatulikejeli. Lakini nguo inayoanguka kutoka kifuani bila kugusa mwili popote humfanya mtu aonekane mnene tangu juu hadi chini kwa kipimo cha kifua chake. Gauni linalopendeza hushika mwili mahali pamoja, kisha likauachia kwingine. Kwa mwenye tumbo, mahali hapo pawe chini ya kifua, sketi ianzie hapo na kuteremka. Kwa mwenye nyonga pana na kiuno kinachoonekana, pawe kiunoni, na chini pafunguke taratibu.

Marinda mengi kiunoni yaepukwe, kwani huongeza kitambaa juu ya tumbo. Sketi ya vipande sita, ambayo kila kipande ni chembamba juu na kipana chini, hutoa upana wa kutembea bila kuleta furushi kiunoni. Shingo iliyokatwa kwa pembe kuteremka kifuani hurefusha shingo na kuonyesha uso. Iliyofunga koo huufupisha mwili wa juu. Kina cha pembe hiyo kiamuliwe na heshima yako na mahali unapokwenda.

Mikono na pindo vina kanuni moja. Jicho husimama pale nguo inapokoma. Mkono ukikoma katikati ya sehemu nene ya mkono, jicho litasimama hapo. Basi uteremshe hadi karibu na kiwiko au uupitishe kidogo. Pindo nalo lisikome katikati ya shavu la mguu, bali chini kidogo ya goti au karibu na vifundo.

Usisahau vya ndani. Gagulo laini huzuia gauni kunasa mwilini, na taiti ya pamba ifikayo karibu na goti huyaokoa mapaja yasichubuke kwa kusuguana. Wengi huona haya kulisema hilo, lakini ndilo linalomfanya mtu arudi harusini akichechemea.

RANGI, MISTARI NA MAUA

Mwanamke mnene huambiwa avae nyeusi. Ni kweli kwamba rangi nzito hufanya mikunjo na vivuli visionekane sana, lakini bluu ya bahari, kijani cha majani makavu, zambarau na rangi ya damu ya mzee hufanya kazi hiyo hiyo. Kama moyo wako unapenda njano, vaa njano. Gauni la njano linalokutosha litakupendeza kuliko gauni jeusi linalokubana.

Huambiwa pia kwamba mistari ya kulala hunenepesha. Hilo halina msingi imara. Mwaka 1867 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alieleza kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba zaidi kuliko mraba ulio sawa nao wenye mistari ya kusimama. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Peter Thompson na Kyriaki Mikellidou, walichapisha majaribio yao kwa michoro ya wanawake waliovaa mistari, wakaona kwamba ile ya kulala haikuwanenepesha. Kwa hiyo usikitupe kitambaa chako.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni maua. Vitenge vyetu hupenda ua kubwa kama sahani. Fundi asiyefikiri hulikata likaangukia juu ya titi moja, au katikati ya tumbo. Kabla hajakata, mwambie akutandazie kitambaa, mwonyeshane ua litakaa wapi. Kama unashona kanga, kumbuka kwamba ina pindo na mji. Pindo likipangwa lishuke mbele kutoka shingoni hadi chini, huuongoza mwili kwa urefu.

UKINUNUA ILIYOKWISHA KUSHONWA

Wanaonunua mitumba wajihadhari na namba za shingoni, kwa kuwa nguo hizo hutoka nchi mbalimbali. Gauni lililoandikwa 16 la Uingereza kwa kawaida hulingana na 44 la nchi nyingi za Ulaya, na 12 la Marekani. Tena viwanda havifuati kipimo kimoja. Beba futi yako mkobani, pima nguo yenyewe, na usiikatae iliyo sawa na mwili wako kwa sababu tu namba yake ni kubwa. Namba hukaa ndani ya shingo na hakuna aionaye. Mshono uliotatuka huonekana na mtaa mzima.

Na kabla hujatoa fedha, iwe kwa fundi au sokoni, fanya jaribio hili. Kaa kitini. Simama. Inua mikono yote miwili, kana kwamba unashika bomba la daladala. Inama, kana kwamba unamwinua mtoto. Tembea hatua kumi. Nguo iliyopanda mapajani, iliyokaza mgongoni au iliyofunguka kati ya vifungo bado haijawa yako. Mrudishie fundi wangali mna siku mkononi. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kulivaa gauni isiwe siku ya harusi. Lijaribu wiki moja kabla.

Yule mama wa Jumamosi hakulitupa gauni lake. Mwezi mmoja baadaye alilipeleka kwa fundi mwingine, naye akafumua pande zote mbili, akatia vipande vya kitambaa cheusi kuanzia kwapani hadi chini. Kazi ilichukua siku mbili. Nilimwona nalo kwenye ubatizo wa mtoto wa yule mdogo wake, amempakata mtoto, anacheka, na mpiga picha yuko mbele yake. Watu walimsifu kwa mshono, wakadhani ndivyo ulivyokusudiwa tangu mwanzo.

Lakini harusi haikurudiwa. Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa wanakamati wa sare, ambao wengi wenu mnayasoma makala haya asubuhi hii ya Jumapili: mnapoketi kununua vitambaa, wapimeni watu kwanza ndipo mhesabu yadi. Asibaki mtu nyumbani kwa ajili ya yadi moja.