Freni zikibadilika baada ya kubadilisha mipira: tuulize nini kiliguswa mwisho



Juma hili hatuzungumzi juu ya lishe wala juu ya minervali ya watoto. Tunazungumza juu ya freni za gari, zile ambazo jirani zetu wa ng'ambo ya Kasindi wanaziita breki. Mtu atauliza: wamama wanahusika namna gani? Tunahusika sana. Kila juma wengi wetu tunapanda taksi na minibasi kati ya Butembo na Beni pamoja na mizigo ya soko. Wengine tuko na gari la jamaa tulilomkabidhi shofere, na pesa anayorudisha jioni ndiyo inayolisha nyumba. Watoto wetu pia wanapanda magari hayohayo.

Mwezi uliopita tulikuwa wamama saba ndani ya minibasi ya mmoja wetu, mjane anayesomesha watoto wanne kwa gari hilo. Siku mbili mbele ya safari alikuwa amenunua mipira minne ya okazioni, minene na mirefu kuliko ile ya zamani, kwa sababu aliambiwa itafaa zaidi kwa matope yetu. Kesho yake shofere akasema pedali ya freni inashuka chini kuliko kawaida. Fundi wa garaji moja akajibu bila kulala chini ya gari: "Pompi ya freni imekufa, leta zaidi ya dola mia." Mama hakuwa na pesa hiyo. Shofere akaongeza mafuta ya freni, na siku ya Posho tukaondoka.

Tangu kutoka mjini tulisikia sauti ya kukwaruza kila mara gari lilipokata kona. Shofere alisema mipira mipya inazoea barabara. Lakini mama mmoja alimwona akikanyaga pedali mara mbili ili gari lisimame. Akamwambia: "Mtoto wangu, simama pale penye watu, kabla hatujafika kwenye mteremko wa Kabasha." Abiria wengine wakanung'unika. Tuliwaelewa: tangu 2014 watu wameuawa sana katika eneo la Beni, na hakuna anayependa kusimama njiani. Hata hivyo tulisimama.

Kijana fundi wa pale hakuuliza juu ya pompi. Aliuliza neno moja: "Nini kiliguswa mwisho kwenye gari hili?" Tukamjibu: mipira. Akaomba volani izungushwe mpaka mwisho, akalala chini, akatuita tuone. Mpira mpya wa mbele, kwa unene wake, ulikuwa unasugua bomba laini linalopeleka mafuta ya freni kwenye gurudumu. Bomba lilikuwa limelika, na mafuta yalikuwa yakitiririka upande wa ndani wa janti. Pompi ilikuwa nzima. Hatukuendelea na safari ile kwa gari lile, na hatukujuta.

Wale kati yetu walio walimu walitambua swali la kijana yule. Mtoto akikosa hesabu ndefu, hatufuti ubao wote. Tunarudi kwenye mstari wa mwisho uliokuwa sawa, tunatazama kilichofuata. Gari ni vilevile. Kama freni zilikuwa nzuri mbele ya kubadilisha mipira au vipande, na sasa si nzuri, tuanze na kile kilichoguswa.

Kwa nini barabara yetu haisamehe

Kati ya Butembo na Beni ni kilometa 54 hivi za barabara ya taifa namba 2. Butembo iko juu ya vilima, zaidi ya metre 1,700. Beni iko chini kwa mamia ya metre. Kwa hiyo anayekwenda Beni anashuka na mzigo, na freni zinapata moto.

Moto huo unaingia mpaka kwenye mafuta ya freni. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale yanayoandikwa DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kuvumilia angalau digri 205 kabla ya kuchemka; yakishakunywa maji, kipimo chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakizeeka. Yakichemka ndani ya bomba yanatoa mvuke, na pedali inakwenda chini kama inakanyaga hewa. Ndiyo maana shofere mwenye akili anashuka na vitesi ya pili, anaiacha mashini imsaidie kushika gari.

Dalili, na mahali pa kuanzia

Gari linavuta upande mmoja. Kwanza tupime hewa ya mipira yote. Kisha tuulize: linavuta wakati wote, au wakati wa kukanyaga freni tu? Kama ni wakati wote, tubadilishane mipira ya mbele, wa kuume uende kushoto (isipokuwa ile yenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka). Kama mvuto umehama, kosa liko kwenye mpira. Kama gari linavuta wakati wa freni tu, tutazame freni za mbele: etriye iliyokwama, au plaketi zilizoguswa na grisi. Na plaketi zibadilishwe pande zote mbili pamoja, kamwe si upande mmoja.

Volani inatetemeka. Ikitetemeka kwenye mbio bila freni, mara nyingi mipira haikusawazishwa uzito. Ikitetemeka wakati wa freni tu, tutazame diski. Hapa kosa la garaji ni la kawaida: buloni zimekazwa kwa nguvu zisizo sawa, au kutu haikusafishwa mahali janti na diski zinapokaa. Diski inakaa imeinama kidogo sana, jicho halioni, lakini mkono unasikia kwenye volani. Buloni zikazwe kwa kuvukana, kama mtu anayechora nyota, si kwa kuzunguka duara. Na baada ya kilometa 50 hadi 100 zikazwe tena.

Pedali ni laini au inashuka. Kama bomba au etriye ilifunguliwa, huenda hewa imeingia na haikutolewa. Kama mafuta yanapungua kila siku, yanavuja mahali fulani; kuyaongeza tu ni kama kumwagilia maji ndoo iliyotoboka. Tutazame upande wa ndani wa kila gurudumu kama pana ubichi. Na tusikubali mafuta ya mashini yatiwe mahali pa mafuta ya freni: yanavimbisha na kuharibu mipira midogo ya ndani.

Freni hazishiki vizuri na plaketi ni mpya. Plaketi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Kwa kilometa mia mbili hivi za kwanza tukanyage pole, bila mizigo mikubwa kama inawezekana. Lakini kuna jambo moja la hatari ambalo linaweza kuua mtu mlangoni mwa garaji. Ili kuweka plaketi mpya, fundi husukuma pistoni nyuma. Kwa hiyo pedali ya kwanza itakwenda mpaka chini na gari halitasimama. Kabla gari halijaondoka, pedali ikanyagwe mara nyingi mpaka iwe ngumu.

Gurudumu moja lina moto na harufu. Baada ya safari fupi tukaribishe mkono bila kugusa. Likiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, freni yake haiachii. Tusilimwagie maji, kwa maana diski yenye moto inaweza kupinda au kupasuka.

Taa ya ABS inawaka. Kila gurudumu lina kifaa kinachohesabu mizunguko. Huenda waya wake umevutwa wakati wa kazi, au mipira haina kimo kimoja na hesabu hazipatani.

Namba zilizoandikwa kwenye mpira

Magari yetu mengi yanapita bandari ya Mombasa, yanavuka Uganda na kuingia Kasindi. Vipande na mipira vinafuata njia nyingi. Si vyote vibaya, lakini tusome. Mpira ulioandikwa 195/65 R15 una upana wa milimetre 195, ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, na janti ni ya inchi 15. Tukiweka 205/70 R15, janti ni ileile, lakini kimo cha mpira kinaongezeka kama asilimia 5. Saa ya mbio ikionyesha 60, gari kwa kweli linakwenda 63. Freni nazo zinafanya kazi zaidi ili kusimamisha gurudumu refu. Na unene, kama tulivyoona, unaweza kufika mahali ambapo haukutarajiwa.

Tusome pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye ubavu wa mpira. 1419 maana yake juma la 14 la mwaka 2019. Mpira wa okazioni unaweza kung'aa na bado ukawa mzee.

Tufanye nini?

Mwenye gari asikae nyumbani siku ya kazi hiyo. Aende garaji, aombe kurudishiwa vipande vya zamani avione, aandike kwenye daftari tarehe na kila kilichobadilishwa. Kabla ya kulipa, volani izungushwe kushoto na kuume mpaka mwisho, mtu akitazama kama mpira unagusa kitu. Kisha gari lijaribiwe pole mahali tambarare, bila abiria.

Sisi abiria nasi tusiogope kusema. Tukisikia chuma kikisaga chuma, tukimwona shofere akikanyaga mara mbili, tuseme kwa heshima, na tuseme mapema, tukiwa bado penye watu. Kuuliza si ujinga.

Mjane yule alirudisha mipira ya kimo cha zamani na kununua bomba jipya. Alilipa pesa kidogo kuliko ile ya pompi. Daftari lake sasa linakaa ndani ya gari, karibu na volani, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika swali la kijana wa njiani: nini kiliguswa mwisho?