Bwana Edmund Roberts na Mapatano ya Maskati

Habari za Seyyid Said na karafuu wanachama wetu wanazijua tangu utotoni. Habari za Bwana Edmund Roberts ni wachache wanaozijua, na hali yeye ndiye aliyeleta mapatano ya kwanza baina ya Marekani na dola ya Seyyid Said, iliyokuwa ikitawala visiwa vyetu.

Alizaliwa mwaka 1784 katika bandari ya Portsmouth, New Hampshire, akawa mfanya biashara mwenye marikebu. Wafaransa na Wahispania walimkamatia vyombo vyake wakati wa vita vya Ulaya, mali ikamponyoka. Mwisho wa 1827 alifika Unguja na marikebu iitwayo Mary Ann kujaribu bahati yake, akaona kwamba Wamarekani hawauzi wala hawanunui wapendavyo, na kwamba ushuru hauna kipimo. Seyyid Said alipofika Unguja mwaka 1828, Bwana Roberts alimweleza malalamiko yake. Seyyid hakuyakataa. Alikuwa tayari kupatana na Marekani.

Lakini mfanya biashara hawezi kupatana kwa niaba ya dola. Bwana Roberts alirejea kwao akamwandikia rafiki yake Levi Woodbury, mwanasheria aliyepata kuwa gavana wa jimbo lao. Ilipasa kungoja mpaka Woodbury akawa waziri wa jeshi la bahari, ndipo mwaka 1832 Bwana Roberts akapewa ujumbe na kupanda manowari iitwayo Peacock. Safari ilikuwa ya siri, kwa hiyo katika daftari la chombo aliandikwa karani wa nahodha. Sisi tulio makarani jambo hili limetufurahisha kidogo.

Tarehe 21 Septemba 1833 mapatano yalitiwa sahihi huko Maskati. Yana vifungu tisa, na tungependa kila mwanachama aliyewahi kugombana na mnunuzi ajue yaliyomo. Mmarekani ana ruhusa kuingia bandari zote na kufanya biashara. Atalipa ushuru wa tano kwa mia juu ya shehena aliyoiteremsha, basi. Kilichobaki chomboni bila ya kuuzwa, kikachukuliwa tena, hakilipiwi. Bunduki na baruti zikiletwa kisiwani Unguja, mnunuzi ni serikali peke yake. Konseli akivunja sheria za nchi haadhibiwi hapa, ila atashitakiwa kwa Rais wake, naye atamwondoa. Na mabaharia waliovunjikiwa na chombo watakirimiwa kwa gharama ya Seyyid mwenyewe, bila ya kudai malipo.

Kifungu hiki cha mwisho kilimfaa aliyekileta. Septemba 1835, alipokuwa akirudi Maskati kukabidhiana hati zilizothibitishwa, Peacock ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Bwana Roberts alikwenda Maskati kwa mashua ndogo kuomba msaada, na Seyyid akautoa.

Mapatano hayo yalifika hata bara. Tulipokwenda Kagongwa, upande wa Kahama, kuwatazama wakulima wenzetu wanavyokoboa na kuuza mpunga wao, mzee mmoja alituuliza kwa nini bibi yake akiiita nguo nyeupe merikani. Tulimjibu kwamba ilifumwa Marekani kweli, katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na marikebu za Salem, ikashushwa Unguja, kisha ikachukuliwa na misafara mpaka Unyanyembe na kutoka huko ikaenea Usumbwa na Usukuma, ikibadilishwa kwa pembe na chakula. Mzee akasema, "Na mabega yalikuwa ya babu zetu." Hatukuwa na la kumpinga. Wapagazi Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo hiyo, na mashamba ya karafuu siku zile yakilimwa na watumwa. Katika vifungu vyote tisa hakuna hata kimoja kinachomtaja mpagazi au mchumaji, na kwa maoni yetu hilo ndilo pungufu kubwa la kazi ya Bwana Roberts, hata kama desturi ya mapatano ya wakati ule ilikuwa hivyo.

Yeye mwenyewe hakuona matunda yake. Aliugua katika safari hiyohiyo, akafa Macao tarehe 12 Juni 1836. Konseli wa kwanza, Bwana Richard Waters wa Salem, alifika Unguja Machi 1837. Na mwaka 1840 marikebu ya Seyyid iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York, na ndani yake, pamoja na pembe, ngozi, kahawa na tende, yalikuwamo magunia ya karafuu.