Kutoa shingo nje

Mwanafunzi, Waingereza husema mtu "ametoa shingo nje" anapothubutu kusema au kutenda jambo ambalo wenzake wanaliogopa, akijua lawama itamwangukia yeye. Ukivuka barabara bila kutazama umejihatarisha, lakini nahau hiyo haikuhusu. Lazima pawe na msimamo.

Mtazame Sudi katika tamthilia ya Kigogo. Kenga, mshauri wa Majoka, anamtaka achonge kinyago cha sherehe za uhuru wa Sagamoyo na kumwahidi malipo. Nyumbani kuna dhiki, na mkewe Ashua analalamika. Sudi anakataa.

Hata hivyo, usiandike katika jibu lako kwamba Sudi "anatoa shingo nje". Mtahini atashangaa kama unamzungumzia kobe. Andika kwamba anajitosa, anapiga moyo konde au anajitolea mhanga. Misemo hii hailingani. Kupiga moyo konde ni kujikaza tu. Kujitolea mhanga kunadai gharama, na kunamfaa zaidi Tunu, anayeumizwa mguu kwa ajili ya harakati. Kucheza pata potea usikuguse hapa: huo ni mchezo wa kamari, na Sudi habahatishi.